Maneno ya Bibi: Habari za Nyumba Moja ya Kisauni

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini, pana mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya misheni, ambayo mnara wake ungali umesimama karibu na njia kuu. Maelfu ya watu hupita hapo killa siku, na walio wengi hawana habari ni kengele gani hiyo, wala iliwalilia watu gani. Sisi tulizaliwa si mbali na mnara ule. Twapenda kuwaeleza wasomaji habari za nyumba ya wazazi wetu. Si kwa kuwa ilikuwa nyumba ya watu wakuu, la, bali kwa kuwa jambo lililotupata sisi limezipata nyumba nyingi za pwani hii, na kulijua kwaweza kuwafaa wale ambao wazee wao wangali hai.

Kwanza yafaa tuonyeshe asili ya mji wetu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni mwaka huo huo Sultani Barghash alitia mkono wake katika mapatano ya kuifunga soko ya watumwa. Lakini majahazi hayakuacha kusafiri kwa siri, na manowari za Waingereza ziliyakamata. Swali likawa, watu hawa waliookolewa baharini watapelekwa wapi? Makwao ni mbali, na njia ya kurudia ni ile ile iliyojaa wawindaji wa watu. Basi chama cha misheni cha CMS, ambacho wajumbe wake walikuwa wamejenga Rabai tangu mwaka 1846, kilimtuma Bwana W. S. Price, naye akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874. Kiwanja kikanunuliwa Kisauni, na mwaka 1875 wakaanza kuletwa watu waliokombolewa. Mji ukaitwa Freretown kwa heshima ya yule Sir Bartle. Waliomsaidia Bwana Price ni Waafrika waliolelewa Nasik, katika Bara Hindi, walioitwa Wabombay. Nao pia walikuwa wameokolewa utumwani zamani.

Watu wa mji ule hawakuwa kabila moja. Walikuwako Wayao, Wanyanja, Wamakua na wengine wengi. Mume alikuwa wa lugha hii, mke wa lugha ile. Na kwa kuwa hawakuweza kusemezana kwa lugha za mama zao, Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Watoto wao hawakujua lugha nyingine. Ndivyo ilivyotokea kwamba sisi, wajukuu na vitukuu, tulizaliwa katika Kiswahili kana kwamba hatukuwa na asili nyingine tena.

Baba yetu alikuwa seremala, kazi aliyorithi kwa baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni alikaa barazani akinoa randa na patasi zake, na kama mtoto akimwuliza habari za zamani, alijibu, "Ya kale hayapo." Mama yetu alikuwa kinyume chake. Nyumba yetu iliezekwa makuti, na jiko lilikuwa uani, kibanda cha mafiga matatu. Hapo mama aliketi juu ya mbuzi akikuna nazi, nasi watoto tukachambua mchicha au kuchochea moto, naye akasimulia. Aghalabu alisimulia habari za bibi yake, mama wa mama yake, aliyeletwa Kisauni akiwa mtoto mdogo katika miaka ya 1880, akafariki miaka ya 1940, mama alipokuwa msichana wa miaka kumi hivi.

Habari nyingi za bibi huyu zilikuwa za kuchekesha. Mama alisema kwamba hakukijua Kiswahili barabara mpaka siku ya kufa kwake. Sima aliiita "nsima", akivuta ile "n" puani. Na sima ikiwa tayari, naye hajaona kitoweo, aliuliza kwa sauti kuu, "Ndiwo iko wapi?" Wajukuu wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, bibi!" Akauliza tena, wakajibu tena, "Ndiyo, bibi!" hata mzee akakasirika, akaingia jikoni kujitafutia samaki wake mwenyewe. Usiku alisimulia hadithi za sungura, na sungura huyo alimwita Kalulu. Mama alidhani kwamba Kalulu ni jina la huyo sungura, kama mtu aitwavyo kwa jina lake. Tulikicheka kisa hiki cha ndiwo mara nyingi, kizazi baada ya kizazi, na sisi wenyewe tuliwasimulia watoto wetu nao wakacheka.

Tulipofika umri wa kuandikishwa kitambulisho, baba alitusindikiza ofisini. Karani aliuliza jina, akaandika, aliuliza mahali pa kuzaliwa, akaandika, kisha akauliza, "Kabila?" Hatukuwa na la kujibu, tukamtazama baba. Baba alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Andika upendavyo, bwana." Karani akaandika apendavyo. Njiani tulipokuwa tukirudi, baba alisimama chini ya mwembe kana kwamba amechoka, akatuambia maneno ambayo hakuyasema kabla ya siku ile wala baada yake. Akasema, "Babu yangu alikuwa Myao. Alinitajia jina la mto wa kwao, mara moja tu, nami nilikuwa mdogo. Nalilisahau. Nikaona haya kumwuliza mara ya pili, maana alipolitaja alilia." Baba yetu amekwisha kufariki. Jina la mto ule hatunalo.

Siku ile tulifahamu kwamba ukimya wa baba haukuwa ubaridi wa moyo. Wazee wake walinyamaza kwa kuwa kusimulia kulikuwa ni kuumia upya. Na kwa kuwa katika nchi ambamo sheria iliutambua utumwa mpaka mwaka 1907, haikuwa jambo jepesi kwa mtu kutangaza kwamba aliletwa na jahazi. Watoto nao wakajifunza kutouliza. Hivyo adabu ya mtoto na huruma ya mzazi, mambo mawili mema, yalishirikiana kuizika habari ya ukoo.

Baadaye tulipokuwa tumeshika kazi ya ualimu, tulikwenda katika mkutano wa walimu, na miongoni mwa wageni alikuwako mwalimu mmoja kutoka Malawi. Wakati wa chakula cha mchana akatazama sahani yake akacheka, akasema kwamba amefika kwao, maana hiyo ni nsima. Tukashangaa kidogo. Tukamwuliza, "Na hiki kitoweo, kwenu mwakiitaje?" Akajibu, "Ndiwo." Kijiko kikatuponyoka. Tukamwuliza tena, "Na sungura?" Akasema, "Kalulu." Hakujua kwa nini tulimshika mkono.

Basi bibi yule hakuwa akikosea Kiswahili. Alikuwa akisema Kinyanja, lugha ya mama yake, lugha ya watu wa Ziwa Nyasa na nchi za kandokando yake. Kalulu si jina la sungura mmoja. Ndivyo sungura aitwavyo. Ndiwo si "ndiyo" iliyoharibika, ni kitoweo. Kwa muda wa miaka zaidi ya sitini mwanamke yule alishika maneno machache aliyotoka nayo kwao, akiyatumia jikoni na kitandani kwa wajukuu, na hapana aliyeyapokea kama ipasavyo. Tena lilikuwako jambo lingine lililotupita. Mama alikumbuka kwamba bibi alipotazama bahari aliita "nyanja". Hapana aliyecheka, kwa kuwa neno hilo liko katika Kiswahili pia. Walakini huenda kinywani mwake lilikuwa na maana ya ziwa la kwao. Maneno yaliyofanana na Kiswahili yalipita bila kuonekana, na yale yasiyofanana yalichekwa.

Tulipomweleza mama habari hii, hakufurahi kama tulivyotumaini. Alikaa kimya, mikono juu ya magoti, kisha akasema, "Kumbe alikuwa akiomba kitoweo tu, nasi tukamjibu ndiyo." Akalia, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Tangu siku ile kisa hicho hakisimuliwi tena nyumbani kwetu kwa kicheko.

Hatutaki wasomaji wadhani kwamba maneno matatu yametupa kila kitu. Kinyanja husemwa na watu wengi, katika nchi pana. Tena mtoto aliyetekwa aliweza kujifunza maneno ya wenziwe katika safari ndefu ya kutoka ziwani hata pwani. Kwa hiyo hatuwezi kutaja kijiji chake, wala jina la baba yake, wala hata jina alilopewa yeye alipozaliwa, maana lililoandikwa ni la ubatizo tu. Tulichopata ni upande wa dunia wa kuelekeza uso. Kwa mtu aliyemwambia karani "andika upendavyo", hiyo si haba.

Wako waliotutangulia katika kazi hii ya kukusanya. James Juma Mbotela, mwana wa Freretown, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934, na ndani yake alihifadhi habari za baba yake na wenziwe waliookolewa baharini. Aliwauliza wazee wangali hai. Lakini kitabu kimoja hakiwezi kubeba nyumba zote, na killa nyumba ina jiko lake.

Kwa hiyo, ninyi mlio na wazazi, twawashauri mambo mawili. La kwanza, mzee akitamka neno msilolijua, msimsahihishe. Liandikeni kama alivyolitamka, pamoja na mahali alipokuwa na jambo alilokuwa akilifanya, hata kama laonekana ni upuuzi. Mwaweza kukutana na mwenye neno hilo baada ya miaka arobaini. La pili, mzee akilia anaposimulia, mwacheni alie, mkae naye, na siku nyingine mwulizeni tena kwa upole. Baba yetu aliona haya kuuliza mara ya pili, na mto ukapotea.

Mama yetu yu hai, ni mzee sana sasa. Jioni twakaa naye uani na daftari. Juzi alikumbuka kipande cha wimbo ambao bibi alikuwa akiuimba katika hadithi za Kalulu, maneno ambayo yeye mwenyewe hayafahamu. Aliuimba mara tatu, polepole, nasi tukauandika silabi kwa silabi. Hatujui bado maana yake. Tumeuweka, tukimngoja atakayeufahamu.