Nani Aliyesema Kotmiri Inywewe kwa Kuziba Pua?

Fungu zima la kotmiri linaoshwa, linakatwakatwa, linatiwa kwenye blenda na maji kidogo, pengine na kipande cha tangawizi na ndimu, kisha glasi ya kijani inanywewa asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Wanaoisifu wanasema inasafisha figo, inashusha presha, inatoa sumu mwilini. Asiyeweza kuistahimili harufu yake, na watu wa namna hiyo si wachache, huambiwa azibe pua apige funda, maana dawa haijawahi kuwa tamu. Akizidi kulalamika huletewa hoja ya mwisho: hii ni tiba ya kale, mababu waliinywa maelfu ya miaka, wewe ni nani uikatae? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mmea wenyewe, ambao Tanzania tunauita kotmiri tukitaja majani na giligilani tukitaja mbegu, na ambao Kenya ni dania, ni mkongwe kweli katika dawa. Glasi ile siyo. Waliotibu kwa mmea huu karne baada ya karne walitegemea zaidi mbegu, waliyaogopa maji ya majani mabichi, na walihesabu kuipatanisha dawa na ulimi wa mgonjwa kuwa sehemu ya kazi yao wenyewe.

Tuanze na ushahidi wa ardhini. Katika pango la Nahal Hemar, karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbaji walikuta mbegu za giligilani katika tabaka la watu walioishi kabla ya kujua kufinyanga vyungu, yapata miaka 8,000 iliyopita au zaidi. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, mfalme alikuwa amewekewa mbegu hizo pamoja na akiba nyingine za safari ya ahera. Hati ya tiba ya Misri inayojulikana kama Ebers, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, inaitaja giligilani katika maagizo yake, na vibao vya udongo vya majumba ya kifalme ya Ugiriki ya kale vinaiorodhesha miongoni mwa viungo vya ghalani. Msomaji makini atasema kwamba ushahidi wa makaburi na mapango hauwezi kuamua ugomvi huu, kwa kuwa jani huoza na mbegu hudumu; kukuta mbegu hakuthibitishi kwamba majani hayakutumika. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mapango tuyaache hapo, twende kwa walioandika jinsi dawa ilivyotolewa.

Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza ambaye kitabu chake cha dawa kilisomwa Ulaya na katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,500, anatenganisha kazi za mmea huu bila utata. Jani analiweka nje ya mwili: linapondwa pamoja na mkate au unga wa shayiri, linabandikwa kwenye ngozi iliyowaka na vidonda vinavyotambaa. Mbegu ndiyo inayomezwa, kidogo, pamoja na divai tamu, kwa kutoa minyoo. Hata hapo anaonya kwamba ikizidi inavuruga akili. Onyo hilo halikufa naye. Ibn Sina, aliyemaliza Kanuni yake ya tiba yapata mwaka 1025, aliihesabu giligilani mbichi kuwa ya tabia ya baridi na akalirudia onyo la kuizidisha. Na katika vitabu vya waganga wa Kiarabu na Kiajemi maji ya majani mabichi yanayonywewa kwa wingi yanakaa jirani na sumu. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard, katika kitabu chake kikubwa cha mitishamba, aliyaelezea majani hayo kuwa yananuka vibaya na yana sumu ndani yake, huku akiisifu mbegu kavu kwa ajili ya tumbo. Kwa kifupi, glasi ya leo ingewekwa mbele ya mabwana hawa wangeirudisha jikoni haraka.

Hapa kuna pingamizi la haki. Walikosea. Mamilioni ya watu Mexico, India, Thailand na kwetu wanakula majani haya kila siku na hakuna anayepoteza akili. Kama walikosea kuhusu sumu, kwa nini tuwasikilize kuhusu jambo lolote? Jibu ni kwamba hapa hatuwaiti watuamulie usalama wa kotmiri. Hilo mezani pa kachumbari limeshaamuliwa. Tunawaita kama mashahidi wa desturi. Watu walioamini kwamba maji ya majani yanadhuru hawakuweza kuwa watu waliokuwa wakinywa glasi yake kila alfajiri. Kosa lao ndilo linaloonyesha waziwazi zaidi desturi ilikuwa ipi, na anayejenga hoja yake juu ya mababu hana budi kuwachukua mababu walivyokuwa.

Walichofanya na mbegu ndicho chenye utajiri wa habari hii. Tangu karne ya 9, miji ya Iraki na Uajemi ilikuwa na watengeneza dawa wenye vitabu vya vipimo. Sabur ibn Sahl, aliyefariki mwaka 869, aliandika kimojawapo kilichotumika sana. Ndani ya vitabu vya aina hiyo utakuta sharbati, majuni, matunda yaliyohifadhiwa kwenye sukari, na dawa zilizosagwa zikakandwa kwa asali. Sukari na asali zilikuwa na kazi mbili: zilizuia dawa isiharibike na ziliifanya imezeke. Mwislamu wa wakati huo hakuona ajabu kuambiwa kwamba tamu yaweza kuwa tiba, kwani Sura ya An-Nahl inataja kinywaji cha nyuki chenye ponya kwa watu. Majuni moja ya mkondo huo, itrifal kishnizi, bado inauzwa na maduka ya tiba ya Kiyunani ya India na Pakistani: ni giligilani pamoja na tunda la halila na jamaa zake wawili, vyote vikiwa vimekandwa katika kitu kitamu. Halila ni kali na inakausha kinywa. Hakuna aliyemtaka mgonjwa aitafune kavu ili athibitishe uvumilivu wake.

Ulaya iliufuata mtindo huo mpaka ikapitiliza. Sir Hugh Plat, katika kitabu chake cha mapishi na manukato cha mwanzoni mwa karne ya 17, anaeleza jinsi mbegu za giligilani zilivyovishwa sukari. Beseni la shaba linaning'inizwa kwa kamba juu ya makaa, mbegu zinapashwa moto mpaka zikauke vizuri, kisha shira inamiminwa kwa kijiko, kidogokidogo, huku mkono ukizisugua na kuzigeuza mbegu mpaka zikauke. Halafu shira nyingine, na nyingine, tabaka juu ya tabaka. Kwa punje kubwakubwa anaagiza robo ratili ya mbegu kwa ratili 3 za sukari. Hesabu hiyo inatia shaka kama mgonjwa alikuwa bado anapata dawa au alikuwa anakula peremende tu, na kwa kweli punje hizo ziliishia kutupwa mitaani kwa furaha siku za kanivali nchini Italia. Lakini mwanzo wake ulikuwa mezani, baada ya chakula kizito, kwa ajili ya gesi na pumzi nzuri.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba giligilani yenyewe iliajiriwa kuficha ubaya wa dawa nyingine. British Pharmacopoeia, kitabu rasmi cha dawa kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1864, kiliichanganya na sanamaki katika majuni ya kuharisha, pamoja na tini, ukwaju na sukari. Kila aliyewahi kunywa sanamaki anajua sababu: inasokota tumbo na ladha yake inachefua. Giligilani iliwekwa itulize msokoto na iipe dawa harufu ya kupendeza. Mmea ambao leo watu wanaambiwa wauvumilie ulikuwa, kwa watengeneza dawa, chombo cha kuwapunguzia watu adha ya kuvumilia.

Hilo halina mkanganyiko ukitazama kilichomo. Harufu ya jani inatokana hasa na kundi la kemikali ziitwazo aldihaidi, na baadhi ya kunguni na wadudu wanuka hutoa kemikali za jamii hiyohiyo. Anayesema kotmiri inanuka kunguni au sabuni hatii chumvi. Mbegu ikikomaa na kukauka, aldihaidi hupungua sana, na mafuta yake hutawaliwa na linaloli, harufu tamu ya maua inayopatikana pia kwenye mrehani. Tunda bichi la giligilani hunuka kama jani, na siku chache za jua hulibadilisha. Kwa hiyo waliochagua mbegu walichagua pia harufu, wakajua kwa pua kile ambacho maabara zimekieleza baadaye.

Wengine watasema kuchukia kotmiri ni deko tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa kwa takwimu za watu wapatao 25,000, uliihusisha hisia ya ladha ya sabuni na sehemu ya jenomu yenye vinasaba vya kunusa, kimojawapo kikiwa OR6A2, ambacho hunasa vizuri aldihaidi. Mtu wa namna hiyo hajidekezi. Ananusa kitu ambacho mwenzake hakinusi vile. Lakini watafiti haohao walikadiria kwamba urithi unaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti baina ya watu. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa vijana wanaoishi Kanada, ulikuta wasioipenda ni asilimia 21 miongoni mwa wenye asili ya Asia ya Mashariki, 14 kwa wenye asili ya Afrika, 7 kwa wa Asia ya Kusini na 3 kwa wa Mashariki ya Kati. Namba za chini ziko kwa watu ambao mmea huu umo chunguni mwao tangu utotoni. Mazoea, basi, yanasaidia. Ila mazoea hayo yalipatikana kwenye chatni, supu na wali, jani likiwa limetwangwa au limepikwa kidogo pamoja na vitu vingine, na kuponda jani kunaviachia vimeng'enya vyake nafasi ya kuzivunja aldihaidi. Sijui mpishi hata mmoja wa Bombay aliyemfundisha mtoto kuipenda kotmiri kwa kumziba pua.

Iliyobaki ni imani iliyokita mizizi kuliko zote: dawa chungu ndiyo dawa. Ina watetezi wazito. Mwarobaini ni mchungu, shubiri ni chungu, na kwinini, iliyookoa watu wengi kwenye malaria, ni chungu kupindukia. Lakini wanakemia wawili wa Ufaransa walioitenga kwinini mwaka 1820, Pelletier na Caventou, walikuwa miaka miwili nyuma wametenga kitu kingine kichungu vilevile: striknini, inayoua panya na inayoua mtu. Uchungu hauwezi kuwatofautisha hao ndugu wawili. Isitoshe kwinini yenyewe ilivishwa sukari na kutiwa kwenye vinywaji pale ilipowezekana, na haikupoteza nguvu. Na tukiwa wakweli, kotmiri hata si chungu. Kinachosumbua ni harufu, na kichefuchefu si kipimo cha nguvu ya dawa.

Kuhusu kutoa sumu mwilini, dai lenyewe ni la juzi. Lilianza kuvuma baada ya daktari Yoshiaki Omura wa New York kuandika, mwaka 1995, kwamba kotmiri ilimsaidia mgonjwa kutoa zebaki. Ulikuwa ushahidi wa wagonjwa wachache mno. Watafiti wa Iran walilipima dai la namna hiyo mwaka 2008 kwa watoto wa miaka 3 hadi 7 waliokuwa na madini ya risasi mwilini: waliopewa giligilani hawakutoa risasi zaidi ya waliopewa dawa bandia. Majaribio kwa panya yanaonyesha mambo mengine ya kutia moyo kuhusu sukari na presha, lakini panya hapewi fungu la sokoni na blenda.

Jikoni mwa pwani mgawanyo wa zamani bado upo. Giligilani hukaangwa kavu mpaka inukie, ikatwangwa kwa bizari ya pilau na mchuzi. Ikichemshwa, maji yake hunywewa na mwenye gesi tumboni, yakiwa na sukari au asali kidogo. Kotmiri hunyunyizwa juu ya kachumbari au husagwa kwenye chatni. Kwa hiyo wauza dawa za asili na wanaowashauri jamaa zao nyumbani nawaomba jambo moja: mtu akiwaambia majani yanamshinda, msimwambie azibe pua. Mpeni mbegu, kijiko kimoja kwa kikombe cha maji, achemshe na kuchuja, atie asali kama anaihitaji. Na mwenye ugonjwa wa figo au presha asiache vidonge vya hospitali kwa ajili ya kikombe hicho, wala kwa ajili ya ile glasi ya kijani.