Elite: Galaksi nane ndani ya kilobaiti 32

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gemu za vita vya angani zilifuata kanuni moja: unapewa roho tatu, unafyatua mpaka ziishe, unaanza upya. Kanuni hiyo ilitoka kwenye mashine za kumbi za burudani, zilizoendeshwa kwa sarafu. Mchezaji asiyekufa mapema alimtia hasara mwenye mashine. Ajabu ni kwamba hata gemu za kompyuta za nyumbani, ambazo mtu alishazilipia dukani, ziliendelea kuua wateja wake haraka haraka.

David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliiacha kanuni hiyo. Katika gemu yao unaanza na krediti 100, chombo kiitwacho Cobra Mk III, na ruhusa ya kwenda utakako. Nunua chakula kwenye sayari ya wakulima, kauze kwenye sayari ya viwanda, rudi na shehena ya kompyuta. Ukiwa na tamaa, beba dawa za kulevya, ila polisi watakuandama. Maharamia nao wanavizia njiani, na hapo ndipo leza inapohitajika. Vita vikawa sehemu ya gharama za biashara.

Kampuni ya Thorn EMI ilipoonyeshwa kazi hiyo iliikataa. Ilitaka roho tatu, alama, na mchezo unaokwisha kwa dakika kumi hivi. Acornsoft, tawi la programu la waliotengeneza kompyuta ya BBC Micro, wakaichukua, na Septemba 1984 Elite ikaingia sokoni.

BBC Micro Model B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na humo humo ndimo ilimokaa hata picha ya skrini. Sayari 2,048 zingeenea wapi? Jibu ni kwamba hazikuwekwa popote. Kila galaksi ilianza na namba tatu, jumla yake baiti sita. Programu ilizijumlisha na kuzichanganya tena na tena, na matokeo yakatoa jina la sayari, mahali ilipo, aina ya serikali na uchumi wake. Hesabu ikirudiwa, sayari ile ile inarudi. Kwa njia hiyo wangeweza kupata galaksi matrilioni, lakini Acornsoft waliwataka wapunguze, zikabaki nane zenye sayari 256 kila moja. Nadhani walifanya vyema, maana wingi kiasi hicho ungemfanya mchezaji agundue upesi jinsi sayari zinavyofanana. Galaksi moja ilitupwa nzima kwa sababu hesabu iliipa sayari yake mojawapo jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi.

Ujanja mwingine ulikuwa kwenye skrini yenyewe. Juu, vyombo vilichorwa kwa mistari myeupe kwenye giza. Chini, dashibodi ilikuwa ya rangi. Mashine haikuundwa kuonyesha hali hizo mbili kwa pamoja, hivyo programu iliibadilisha katikati ya kila picha, mara 50 kwa sekunde.

Waliowahi kuicheza husimulia zaidi habari ya kuegesha. Kituo cha angani kinajizungusha, na mlango wake ni upenyo mwembamba. Unakiendea uso kwa uso, unapunguza mwendo, unazungusha chombo kiende sambamba nacho. Ukikosea kidogo unagonga ukuta, na faida yote ya safari inapotea, kwani mchezo huhifadhiwa ukiwa umeshaegesha tu. Si ajabu kwamba kifaa cha kuegesha chenyewe kilitamaniwa sana.

Mwaka 1985 Elite ilifika Commodore 64 na ZX Spectrum, kisha mashine nyingine nyingi. Mwaka 2014 kampuni ya Braben, Frontier, ilitoa Elite Dangerous, yenye mifumo ya nyota takriban bilioni 400. Mingi kati yake bado huzalishwa kwa hesabu pale mchezaji anapoifikia.