Aperitivo: Ubao wa jioni wa Waitaliano na adui wake

APERITIVO ni kinywaji anachokunywa Mwitaliano jioni kabla ya chakula cha usiku, pamoja na vitafunio vinavyoandamana nacho. Jina hili latokana na neno la Kilatini 'aperire', yaani kufungua, na kinachofunguliwa hapa ni hamu ya kula. Desturi yenyewe huhusishwa hasa na mji wa Turin, ambako Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza vermuti, mvinyo uliotiwa mitishamba, mnamo 1786.

Mahali pake aghalabu ni baa ndogo isiyo na makuu. Kuanzia mwendo wa saa kumi na mbili jioni, mteja huletewa ubao uliopangwa vipande vyembamba vya nyama iliyokaushwa kwa chumvi, jibini, zeituni na bruschetta. Asiyekunywa pombe huagiza soda chungu.

Bruschetta, inayotamkwa 'brusketa' wala si 'brusheta', ni kipande cha mkate kilichochomwa, kikasuguliwa kitunguu saumu, kisha kikatiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Kilikuwa chakula cha wakulima, njia ya kutoutupa mkate uliokauka. Nyanya ziliongezwa baadaye.

Lakini anayetawala ubao ni nyama. Prosciutto ya Parma ni mguu wa nyuma wa nguruwe, uliohifadhiwa kwa chumvi pekee na kuning'inizwa kwa zaidi ya mwaka mmoja pasipo kupikwa wala kutiwa moshi. Salami husagwa, ikatiwa viungo na kushindiliwa ndani ya utumbo. Mortadella ya Bologna yenyewe hupikwa. Asiyekula nguruwe anaweza kuagiza bresaola ya bonde la Valtellina, karibu na mpaka wa Uswisi, ambayo ni nyama ya ng'ombe. Ingawa Mwislamu atataka pia kujua ng'ombe huyo alichinjwaje, na kisu kile kilikata nini kabla.

Nyama hizi za nguruwe zina adui ambaye historia yake yaanzia kwetu. Homa ya nguruwe ya Kiafrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika ripoti ya daktari wa mifugo Eustace Montgomery ya 1921. Mnamo Januari 2022 iligunduliwa miongoni mwa nguruwe mwitu wa Piedmont, jimbo lile lile la Turin, na baadhi ya mataifa ya Asia yakasimamisha ununuzi wa nyama ya nguruwe kutoka Italia. Mwaka wa 2023 ilivamia mazizi ya Pavia, kusini mwa Milan, na nguruwe kwa maelfu wakauawa ili kuizuia isienee.

Ugonjwa huu haumdhuru binadamu, hata akila nyama yenye virusi. Hata hivyo, virusi hivyo huweza kudumu kwa miezi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi bila kupikwa. Kwa sababu hiyo, kipande cha salami yenye virusi kinachotupwa na msafiri kando ya barabara chatosha kupeleka maradhi hadi nchi nyingine.