Rangi inayomwonyesha mpasuaji uvimbe

Watu wa Bunia wanaijua kwinini kwa uchungu wake. Mwaka 1852 George Stokes, mwanasayansi wa Cambridge, aliiona kwa namna nyingine: maji yenye kwinini, yakipigwa na ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, yaling'aa buluu. Dawa hiyo, ambayo kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu huitoa katika maganda ya mti wa kinkona, ndiyo iliyoanzisha elimu ya mng'ao huo, inayowaongoza leo madaktari ndani ya uti wa mgongo.

Mwaka 1871 Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini, rangi inayong'aa kijani-manjano. Waganga wa macho wakaizoea mapema. Kisha mwaka 1947 George Moore, wa Minnesota, Marekani, akaonyesha kwamba ikidungwa kwenye damu hujikusanya katika uvimbe. Kwenye ubongo na uti, mishipa mizima ya damu huizuia rangi isipenye; palipo na uvimbe kizuizi hubomoka, rangi ikavuja.

Upasuaji wenyewe wa uvimbe wa uti ulitangulia matumizi hayo. Juni 1887, mjini London, Victor Horsley alimtoa kapteni mmoja uvimbe uliombana uti hadi miguu ikapooza. Madaktari wengi walikuwa wamemwona bila kuutambua. Kapteni yule alitembea tena. Lakini uvimbe ukiota ndani ya uti wenyewe, ule ugwe wa mishipa ya fahamu ambao haupiti unene wa kidole kidogo, hufanana na nyama nzima, na kisu kikizidi milimita chache mtu hupoteza miguu. Hapo ndipo rangi inapomfaa mpasuaji: inampa mpaka.

Fluoresini si ghali. Ghali ni hadubini yenye vichujio vya mwanga, na adimu ni wapasuaji wa mishipa ya fahamu. Kampala, Uganda, walianza mapema, hospitali ya Mulago ilipofungua njia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwetu Ituri kulikuwa na hospitali ya Nyankunde, tegemeo la wengi. Septemba 2002 ilishambuliwa, watu wakauawa, vifaa vikaporwa. Vita vilitunyima miaka ya kuwafundisha madaktari, na serikali ianze na hao kabla ya mashine.

Nanyi wasomaji, ndugu yenu akiumwa mgongo usiku hata asilale, miguu ikilegea, au mkojo ukimtoka bila kujua, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Uti uliobanwa muda mrefu huenda usipone, hata uvimbe ukitolewa wote.