Njia za Mlima Elgon

Mtu asimamaye Kitale asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, akauelekeza uso wake magharibi, huuona Mlima Elgon umelala kama ng'ombe apumzikaye malishoni. Hauna kofia ya theluji kama Kilimanjaro, wala ncha kali za mawe kama Mlima Kenya. Huinuka polepole toka mashamba ya mahindi hata ukaingia mbinguni, na mgeni asiyejua hudhani ni kilima tu. Aliye Bungoma huuona kwa upande wa kaskazini, na kwake yeye mlima huo ndio utumao mvua na mito. Mlima ni mmoja, bali nyuso zake ni nyingi kwa kadiri ya watu wautazamao.

Hapo kale Elgon ulikuwa volkano. Moto wake ulipozimika uliacha kasoko pana juu, kadiri ya kilomita 8 toka ukingo hata ukingo. Kilele kilicho kirefu kupita vyote ni Wagagai, mita 4,321, nacho kiko Uganda. Upande wa Kenya kuna Koitobos, kipitacho mita 4,200, chenye kichwa bapa kama meza. Ndani ya kasoko huzaliwa Mto Suam, ambao hupasua ukingo wa mashariki, ukaitwa Turkwel huko chini, na mwisho hufika Ziwa Turkana. Maji mengine, kama ya Mto Kuywa, huingia Nzoia na kwenda zake Ziwa Viktoria.

Siku hizi walimu na wanafunzi, na vilabu vya wapenda milima, huenda huko kwa makundi mwisho wa juma. Hutoka Kitale, wakapita Endebess, wakaingia kwa lango la Chorlim. Au hupanda toka upande wa Bungoma kwa njia ya Kimilili na Kapsokwony. Huchukua hema, sufuria na mablanketi, wakalala usiku mmoja au miwili katika baridi, kisha wakashuka wakiwa wamechoka na kufurahi. Ni jambo jema. Lakini kijana apandaye mlima huu yampasa kujiuliza swali moja, nalo ndilo swali la insha hii: njia niikanyagayo ilifunguliwa na nani?

Jibu la kwanza ni kwamba njia hizo ni kuukuu kuliko kitabu chochote kilichopata kuandikwa juu yake. Wabukusu na Wagisu huuita mlima Masaba, na Wagisu wenyewe huitwa pia Wamasaba. Watu na mlima wana jina moja. Jina la Elgon latokana na Waelkony, mmojawapo wa jamaa za Wasabaot, ambao walikaa miteremkoni tangu zamani. Juu zaidi, katika nyika za baridi za Chepkitale, walikaa Waogiek, warina asali, wawindaji na wafugaji. Watu hawa hawakupanda mlima ili wajivunie kufika. Walipanda kwa sababu mizinga ilikuwa juu na malisho yalikuwa juu.

Sababu nyingine ilikuwa chumvi. Miamba ya mapango ya Elgon ina chumvichumvi ambayo wanyama huipenda mno. Katika pango la Kitum tembo huingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mikonga yao, wakakwangua kuta kwa pembe na kula mawe yaliyosagika. Pango hilo limeingia ndani ya mlima kadiri ya mita 200, na alama za pembe zaonekana ukutani hata leo. Watu nao walichimba chumvi hiyo kwa ajili ya ng'ombe wao. Tena mapango mengine yalikuwa nyumba: Waelkony walikaa humo pamoja na mifugo yao, mlango ukizibwa kwa boma la miti, wakiwa salama na mvua na adui, mpaka wakati wa ukoloni walipoamriwa kutoka.

Mwezi wa Desemba 1883 alifika Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyetumwa na chama cha jiografia cha London. Aliyaona mapango ya upande wa kusini akastaajabu sana. Alidhani ya kuwa yamechimbwa na taifa fulani la kale lililokuwa likitafuta vito, maana hakuweza kusadiki kwamba wenyeji aliowakuta humo walihusika na kazi kubwa namna ile. Leo twajua kwamba hapakuwa na taifa kama hilo. Maji, wanyama, na mikono ya wenyeji wale wale ndiyo iliyoyapanua mapango kwa karne nyingi. Kosa la Thomson lafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa historia: mgeni akikosa kuwauliza wenyeji, huwaona watu wasiokuwapo na huwapuuza waliopo.

Wala Thomson hakuja peke yake. Alifuatana na wapagazi toka Unguja na pwani, watu waliobeba nguo, shanga, sengenge na chakula vichwani mwao toka baharini hata huku. Sehemu ya safari yake aliiambatanisha na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyaji biashara aliyezijua njia za Umasaini kabla yake. Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kwa Shiundu, mahali paitwapo leo Mumias, wakitafuta pembe. Thomson aliandika kitabu, na jina lake likaenea Ulaya. Lakini mguu wa mpagazi ulifika pale pale ulipofika mguu wake, tena ukiwa na mzigo.

Miaka michache baadaye, Februari 1890, Frederick Jackson na Ernest Gedge, watumishi wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, waliuvuka mlima wenyewe na kupita kasokoni. Kilele kimoja huitwa kwa jina la Jackson hata sasa. Mwaka 1911 Rudolf Kmunke na Robert Stigler, Waaustria, walifika juu ya Wagagai, na vitabu huandika kwamba wao ndio wa kwanza. Neno hilo "wa kwanza" lataka kusomwa kwa uangalifu. Maana yake ni kwamba wao ni wa kwanza kuandika. Kama mrina asali au mchungaji aliwatangulia, hakuchukua kalamu. Na kama alifika pamoja nao akiwaonyesha njia, kalamu haikumchukua yeye.

Wakati huo huo bunduki zilikuwa zikifika. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome za Lumboka na Chetambe, wakashindwa kwa vifo vingi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza nchi ya Trans Nzoia iligawanywa kuwa mashamba ya walowezi, na mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Tangu hapo mlima ulikuwa na watazamaji wa namna mbili: mlowezi aliyeutazama toka barazani mwake, na mtu aliyeutazama kama mlango wa kwao uliofungwa.

Kati ya makundi yaliyopanda siku hizo, moja lina kisa cha kufikirisha. Mwishoni mwa mwaka 1925 Carl Gustav Jung, tabibu wa Uswisi aliyesifika kwa elimu ya nafsi na ndoto, alikuja pamoja na rafiki zake. Walitoka Kakamega kwa miguu, wakiwa na wapagazi na askari, wakapiga hema katika mteremko wa Elgon, kimo cha kadiri ya mita 2,100. Walikaa majuma kadhaa. Jung alijifunza Kiswahili kidogo, akaketi barazani na wazee na kuuliza habari za ndoto. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka baada ya kufa kwake mwaka 1961, asimulia kwamba aliona jinsi watu walivyotoka alfajiri, wakatema mate viganjani, na kuvielekeza kwenye jua lichomozalo. Asimulia pia juu ya mganga mzee ambaye machozi yalimlengalenga alipoulizwa. Baba yake, alisema mzee, alikuwa akiota ndoto zilizoonya juu ya vita, maradhi na mvua. Lakini tangu wazungu walipokuja, ndoto hazikuwa na kazi tena, kwa kuwa bwana mkubwa wa wilaya ndiye ajuaye yote.

Tulipolisoma jambo hili darasani, chuoni kwetu, mwanafunzi mmoja wa ualimu alisema, "Basi mzee yule ndiye mwanahistoria wa kweli." Sikuwa na la kuongeza. Sheria nyingi na mikataba mingi imeandikwa juu ya ukoloni katika nchi hii, lakini ni maneno machache yaonyeshayo kama yale kile ambacho mtu hupoteza anapoambiwa kwamba hana haja ya kujua neno lolote juu ya nchi yake.

Walakini si wote waliokubali kunyamaza. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mchezaji hodari wa kandanda katika ujana wake, aliongoza Dini ya Msambwa, iliyowaita watu warudi kwenye ibada za wazee wao na kuwakataa watawala wa kigeni. Wafuasi wake waliuhesabu mlima kuwa mahali patakatifu, wakapanda kwa makundi kwenda kusali. Februari 1948 polisi walipiga risasi umati wa watu Malakisi, na watu 11 wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini mbali na kwao. Hivi kupanda mlima kwa miguu, jambo tulifanyalo leo kwa burudani, kulikuwa kwa watu hao jambo la kufungwa.

Mwaka mmoja baadaye, 1949, chama cha wapanda milima cha Kenya kiliundwa, na wanachama wake wakatembea milima kwa ajili ya mchezo na maarifa. Linganisha miaka hiyo miwili, msomaji, nawe utaona kwamba njia moja yaweza kuwa wazi kwa mmoja na kufungwa kwa mwenziwe. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1966 ilianzishwa Tuzo ya Rais, ambayo huwataka vijana wasafiri kwa makundi, wakijitegemea kwa chakula na malazi: siku mbili na usiku mmoja kwa daraja la shaba, siku tatu kwa fedha, siku nne kwa dhahabu. Mwaka 1968 sehemu ya mlima iliwekwa kuwa hifadhi ya taifa, ili miti mikubwa, mbega, nyati na tembo wa mapangoni wapate kulindwa.

Hata hivyo kuhifadhi nako kuna swali lake. Mwaka 2000 nchi ya Chepkitale, ambako Waogiek walikaa tangu zamani, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama pasipo wao kushauriwa. Waliondolewa, wakarudi, wakaondolewa tena, wakarudi tena. Mwisho walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya ardhi na mazingira ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni nchi ya mababu zao. Kesi hiyo yafundisha kwamba historia si hadithi ya jioni tu. Waliposhuhudia habari za mizinga, malisho na makaburi ya wazee wao, Waogiek walikuwa wakisoma kitabu ambacho wapanda mlima wengi wamepita juu yake bila kukifungua.

Basi, vijana, mtakapokwenda Elgon mwisho wa juma fulani, mtapita msitu wa mitarakwa, kisha mianzi, kisha nyika ya lobelia kubwa zisimamazo kama watu ukunguni. Mtajifunza mambo ambayo darasa haliwezi kuyafundisha: kwamba kundi huenda kwa mwendo wa aliye mnyonge, kwamba maji ya mmoja ni maji ya wote, na kwamba mwenye shanta nyepesi humsaidia mwenye nzito. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna hata msafara mmoja kati ya hii tuliyoitaja uliovunja desturi hiyo.

Pamoja na hayo fanyeni kazi moja ndogo ya historia. Mkipiga hema jioni, chukueni daftari mwandike tarehe, njia, na majina ya wote waliokuwapo: mwalimu, wanafunzi, dereva, mpishi, na yule mwenyeji awaongozaye. Mwulizeni jina la baba yake, na jina ambalo watu wake hukiita kila kilele na kila kijito, naye akiwa radhi, liandikeni kama alitamkavyo. Thomson na Jackson waliacha vitabu vizuri vyenye nafasi nyingi tupu ndani yake. Nafasi hizo haziwezi kujazwa tena. Lakini kurasa za safari zenu bado ni nyeupe, na kalamu iko mikononi mwenu.