Tamthilia ya Vijana na Bawabu wa Jukwaa: Mtazamo kutoka Kwale

Historia ya drama ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa kufuata vitabu vilivyochapishwa. Kwa kufanya hivyo wahakiki wetu wamejinyima swali la msingi: ni nani aliyeruhusu mchezo uchezwe, na mbele ya nani? Makala haya yanalielekeza swali hilo kwa vikundi vya vijana, kwani hao hukutana na bawabu kabla ya kukutana na hadhira.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1947 mji wa Edinburgh ulifanya tamasha lake la kwanza la kimataifa. Vikundi 8 ambavyo havikualikwa vilikwenda vivyo hivyo, vikajitafutia kumbi, vikacheza. Mwaka uliofuata mwandishi Robert Kemp alizungumzia maonyesho ya aina hiyo kuwa ya pembezoni mwa tamasha, na jina likashika. Hadi leo hakuna kamati inayoteua michezo huko. Mwenye ukumbi na nauli hucheza. (Naam, nauli nayo ni bawabu.)

Kenya ilifuata njia nyingine. Tamasha la drama la shule, ambalo huhesabiwa kuanzia 1959, lilijengwa juu ya uteuzi: mchezo hupanda ngazi hadi taifa, na katika kila ngazi pana waamuzi. Hata hivyo, kabla ya hapo vijana wa Alliance High School walikuwa wamekwisha kutunga kwa Kiswahili. Nakupenda, Lakini ya Henry Kuria ilichezwa 1954 na kuchapishwa 1957. Kimani Nyoike na Gerishon Ngugi nao walitunga. Tamthilia hizi zimehukumiwa kuwa changa, na kwa upande wa matini hukumu hiyo ni ya haki. Lakini shuleni humo Shakespeare ndiye aliyetukuzwa, na mwanafunzi aliyechagua Kiswahili alichagua pia hadhira ambayo ukumbi wa shule haukuwa nayo.

Yaliyofuata yanajulikana. Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa Kamirithu tarehe 2 Oktoba 1977. Wiki chache baadaye kibali kikaondolewa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa wasichana wa Butere ulizuiwa kuingia tamasha la taifa mpaka mahakama ikaingilia. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilifika Nakuru na Echoes of War, tena kwa amri ya mahakama. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila ya kucheza, na polisi wakawatupia watu gesi ya kutoa machozi. Kinachotushangaza ni udumifu wa bawabu huyu, ambaye serikali hubadilika naye habadiliki.

Huku Kwale bawabu ana sura nyingine. Mfadhili ndiye huja na mada yake, iwe ni maji, malaria au choo, na kikundi hutunga kwa kipimo chake. Penina Mlama na wenzake walilikabili tatizo hili Malya, Tanzania, mapema katika miaka ya 1980, kwa kusisitiza kwamba wanakijiji wenyewe ndio wataje tatizo lao. Rai hiyo inanukuliwa sana vyuoni. Vijijini hutekelezwa kwa nadra.

Kwa mintaarafu hiyo, mchezo mpya tuliouona Msambweni, wa kikundi cha vijana ambacho hakikuwa na mfadhili wala ukumbi, unastahili kuangaliwa. Walicheza chini ya mwembe. Kisa chao kilihusu ardhi ya madini ya titani ya Maumba na Nguluku, ambako uchimbaji ulianza 2013 na kukoma mwishoni mwa 2024, na mzee anayerudi kutafuta lilipokuwa kaburi la mamaye.

Kifani, nusu ya mchezo ilikuwa bado ya tamasha la shule: wasimulizi wamepanga safu, wanazungumza kwa pamoja Kiswahili cha kukariri, wanageuka kwa hatua moja kana kwamba mwamuzi ameketi mbele na kalamu. Hadhira ilinyamaza kwa adabu. Kisha mzee akaingia, akaanza kuuliza njia kwa Kidigo, na wanawake waliokaa mkekani wakamjibu. Mmoja alimwelekeza. Mwingine akambishia yule wa kwanza kuhusu mahali mnazi fulani ulipokuwa, na kwa dakika kadhaa wachezaji hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Atakayesema kuwa hapo drama ilikatika hajapata kukaa katika sengenya, ambako mtazamaji huingia uwanjani bila ya kuombwa na ngoma ikaendelea.

Baada ya onyesho tulimsikia msichana aliyeongoza safu akiwaambia wenzake kwamba ile sehemu ya ubishi ingetengewa nafasi katika onyesho la Ukunda. Mvulana aliyecheza mzee alikataa. Alitaka waende na swali tu, na wamwachie mwenye kujua ajibu. Walikuwa wakiendelea kubishana tulipowaaga.