Kidingapopo katika Pwani ya Mrima: Habari za Maradhi na Jina Lake

Yapo maradhi yaliyopita katika pwani ya Afrika ya Mashariki yakaacha kumbukumbu kubwa katika jina kuliko katika maandishi. Mojawapo ni kidingapopo, homa ishikayo ghafula pamoja na maumivu makali ya viungo. Yafaa jina hili lichunguzwe, kwa kuwa historia yake yaonyesha jinsi watu wa pwani walivyoyajua maradhi hayo mapema, na jinsi ujuzi huo ulivyofunikwa baadaye.

Katika karne ya 19 bandari za Tanga na Pangani zilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Majahazi yalivuka bahari yakichukua pembe, nafaka na watumwa, na maradhi nayo yalisafiri humo pasipo kulipa nauli. James Christie, tabibu aliyekaa Unguja wakati huo, alieleza jinsi kipindupindu cha mwaka 1869 kilivyoshuka kutoka nchi ya Wamasai hata Pangani, kisha kikavuka hadi Unguja. Lililoupata upande mmoja wa bahari halikukawia kuufikia wa pili.

Msiba huo haujasahauliwa, mara katika mwaka 1870 yakazuka Unguja maradhi mengine. Mtu alishikwa na homa pasipo onyo, viungo vikamkaza, na vipele vikamtoka; waliougua walikuwa wengi, lakini waliokufa wachache. Wazee hawakushangaa. Walisema kwamba haya ni kidinga pepo, nayo yaliwahi kuja kiasi cha mwaka 1823. Christie aliyaandika hayo katika jarida la matabibu wa Uingereza mwaka 1872. Basi wazee wasio na darubini waliyatambua maradhi baada ya miaka 47, kwa sababu waliyapa jina lake peke yake na hawakuyachanganya na homa nyingine.

Kutoka Unguja maradhi yalifika Aden na Bara Hindi mwaka 1871. Jina lilikuwa limekwisha kutangulia mbali zaidi. Katika miaka ya 1827 na 1828 homa ya namna hiyo ilienea katika visiwa vya Karibi, na huko Kuba ikaitwa dunga, kisha dengue. Maelezo yatajwayo sana ni kwamba neno hilo lilitokana na dinga la Kiswahili, likapelekwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Neno lililotoka katika pwani hii likarudi baadaye kwa sura ya kigeni, likaitwa dengi.

Lakini jina halitoshi kuwa ushahidi wa tabibu. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ya viungo ilienea Newala, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza, na virusi vyake vikapatikana. Ikaitwa chikungunya, kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Mwaka 1971 Donald Carey alitoa hoja kwamba maradhi ya Unguja ya 1823 na 1870 yalikuwa chikungunya hasa, wala si dengi, kwa kuwa maumivu ya viungo yalidumu muda mrefu. Virusi hivi viwili ni mbali mbali, ila mbu wao ni mmoja: yule mwenye madoa meupe, aumaye mchana na kuzaa katika mitungi, mapipa na vifuu vya nazi. Si ajabu jina moja likayafunika maradhi mawili.

Katika karne ya 20 kifuniko kilikuwa kikubwa zaidi. Malaria iliua watu wengi Tanga, na Amani na Muheza zikawa mahali mashuhuri pa kuichunguza. Kwa sababu hiyo karibu kila homa ilidhaniwa kuwa malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba, miongoni mwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea vyake hawakufika nusu. Miaka kumi baadaye watafiti walikuta dalili za virusi vya dengi na chikungunya kwa wagonjwa wa homa, wakiwamo wa Bondo, wilaya ya Handeni. Kisha mwaka 2019 dengi ikazuka wazi, hasa Dar es Salaam na Tanga.

Kosa la jina katika jambo hili si kosa la sarufi. Mgonjwa wa dengi apewapo dawa ya malaria hapati nafuu yoyote kwa dawa ile, na apewapo aspirini kwa maumivu yake huongezewa hatari ya kutokwa na damu; na mwenye homa nyingine ya kuua, akiitwa wa malaria, hukosa dawa ambayo ingemponya. Tena chandarua cha usiku hakimzuii mbu wa mchana. Wazee wa mwaka 1870 walikosa kipimo cha kutenga kidingapopo kimoja na kingine, lakini hawakukosa shaka iliyo ya lazima, yaani kujua ya kwamba homa si moja. Shaka hiyo ndiyo iliyowapasa watu wa Mrima kuirithi pamoja na jina.